Vishada Vilivyotupwa

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pacha alifika kazini saa mbili kasoro dakika kumi, akafungua chumba namba tisa cha idara ya falaki, akawasha kompyuta na kuanza kutazama picha za nyota. Hakuwa mwanasayansi. Alikuwa karani wa picha. Darubini iliyoko angani hupiga picha, watu wengine huzisafisha, na yeye hukaa mbele ya skrini akiweka alama: hapa kuna kishada cha nyota, hapa hakuna, hapa sijui. Majirani waliposikia anafanya kazi na nyota walimwomba awaangalizie zao kama zimefifia, naye alizoea kuwajibu kwamba nyota anazozijua ziko mbali mno, za mtaani kwake hana habari nazo.

Kazi hiyo ilikuwa imemla shingo na macho. Kwenye droo yake kulikuwa na chupa tatu za dawa ya macho, moja mpya, moja ya kati, moja tupu ambayo hakuwahi kukumbuka kuitupa. Watoto wake pacha, wasichana wawili, walikuwa wamefika umri wa kumsahihisha kila anachosema. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu na mgongo wake ulikuwa mbovu kuliko shingo ya mkewe. Nyumbani kwao, jioni, hakuna aliyeinama kuokota kitu bila kwanza kutazama kama mwingine ataokota.

Wiki yake ya kwanza kazini, Profesa alivuta kiti karibu naye akamweleza atakachokuwa akikitafuta.

"Nyota hazizaliwi mojamoja," alisema. "Zinazaliwa kwa mamia, wakati mwingine kwa maelfu, ndani ya wingu la gesi na vumbi. Kishada kikiwa kichanga, wingu limekifunika. Ukitumia mwanga wa kawaida unaona doa jeusi tu. Ukitumia infraredi, ule mwanga wa joto ambao jicho haliuoni, unakuta kuna kitu kinawaka humo ndani."

"Halafu kinatokaje?"

"Nyota kubwa zinalifukuza wingu. Upepo wake ni mkali, mwanga wake mkali. Gesi ikiondoka, kishada kinabaki wazi, cheupe, kina ubuluu kidogo. Lakini gesi hiyohiyo ndiyo iliyosaidia kuzishika zile nyota pamoja. Ikishaondoka, nyingi zinaanza kuachana. Taratibu tu. Baadaye hujui kama ziliwahi kukaa pamoja."

Mama Pacha alifikiri kidogo. "Kwa hiyo vikiwa vichanga havionekani, na vikikua vinapotea."

"Sasa umeelewa kwa nini nahitaji mtu mwenye subira," Profesa alisema.

Subira alikuwa nayo, au pengine ulikuwa uchovu tu uliofanana na subira. Aliweka alama mwaka baada ya mwaka, galaksi moja hadi nyingine, hadi akaja mwanafunzi wa uzamivu ambaye wote walimwita Mjukuu. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Profesa, ndiyo maana mzee alimwita hivyo siku ya kwanza, na jina likaganda. Alikuwa binti mwembamba, mwenye akili za haraka na maneno machache. Ndani ya mwaka mmoja aliandika programu iliyofanya kwa siku mbili kazi ambayo Mama Pacha aliifanya kwa miezi minane. Watu walimwangalia Mama Pacha kuona kama atakasirika. Yeye alilala vizuri wiki hiyo. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kukagua vile ambavyo programu imevichagua.

Tasnifu ya Mjukuu ilihusu swali moja: kishada huchukua muda gani kutoka ndani ya wingu lake? Njia ya kujua ni kuhesabu. Ukikuta vishada vingi vilivyofunikwa kabisa, vingi vilivyo wazi, na vya katikati, vilivyofunikwa nusu, ni vichache mno, basi ujue hatua ile ya katikati hupita upesi. Programu ilihesabu galaksi nzima yenye vishada zaidi ya elfu mbili, ikapata vya katikati hamsini na nane. Mjukuu akaandika kwamba vishada huvua wingu lake kwa muda usiofika miaka laki tano, ambao kwa nyota ni kama mtu kuvua koti. Lilikuwa jibu jipya. Makala ikaandikwa, jarida likaipokea, na Profesa, aliyebakiza miezi mitano kustaafu, alionekana siku kadhaa akitembea kwenye korido bila fimbo yake.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katibu muhtasi alipoingia chumba namba tisa.

"Mama Pacha, nisaidie. Wageni wanakuja mwezi ujao na ukuta wa korido uko mtupu. Nipe picha moja nzuri, yenye rangi rangi."

Mama Pacha hakuhitaji kufikiri. Kulikuwa na kishada alichokuwa amekiwekea alama miaka sita nyuma, kwa mkono, ambacho yeye mwenyewe alikiita Kiraka. Upande mmoja kiling'aa buluu, upande wa pili ulikuwa bado umezama kwenye vumbi la hudhurungi, kama mkate ulioumwa. Aliingiza kuratibu zake, yaani namba za mahali kilipo angani, kwenye orodha mpya. Hakikuwemo. Akadhani amekosea tarakimu. Alitoa daftari lake la zamani, akasoma namba kwa kidole, akaziingiza tena. Hakikuwemo.

Alimpa katibu muhtasi picha nyingine, naye akaondoka ameridhika. Kisha Mama Pacha akaanza kutafuta. Programu ilikuwa na folda ya vilivyochaguliwa na folda ya vilivyokataliwa, na hii ya pili hakuna aliyewahi kumwomba aikague. Ndani yake kulikuwa na vitu elfu nne mia tatu na kumi na sita. Kiraka kilikuwemo, na mbele yake programu ilikuwa imeandika sababu kwa maneno mawili: si duara.

Alivifungua vitu mia mbili vya mwanzo, kimoja kimoja. Vingi vilikuwa takataka kweli: mikwaruzo ya satelaiti, galaksi za mbali, nyota pweke zilizojiweka mbele ya kamera. Lakini kila baada ya vitu sita au saba alikutana na mkate ulioumwa. Kishada kinachotoka nusu hakiwezi kuwa duara, kwa sababu nusu yake bado iko nyuma ya vumbi. Katika mia mbili alihesabu thelathini na kimoja. Programu katika galaksi nzima ilikuwa imepata hamsini na nane.

Hakufurahi hata kidogo. Alijitia dawa machoni, akakaa ameegemea kiti huku matone yakimtiririkia mashavuni, akiwaza jinsi ya kulisema jambo hili na kwa nani. Mjukuu alikuwa na mimba ya miezi saba. Tasnifu ilipaswa kukabidhiwa baada ya wiki tano.

Jioni alimweleza mumewe, aliyekuwa amelala chali sakafuni sebuleni, mto chini ya magoti, kama daktari alivyomwagiza.

"Umeyaona peke yako?" mume aliuliza.

"Peke yangu."

"Mwingine anaweza kuyaona?"

"Labda. Baada ya miaka miwili mitatu, mtu wa chuo kingine."

Mume alivuta mto vizuri chini ya magoti. "Ungekuwa unataka kunyamaza," alisema, "usingeniambia mimi. Unajua siwezi kukaa na neno."

"Nilitaka uniambie kesho nisiende kazini."

"Basi kesho usiende kazini."

"Acha mchezo, Baba Pacha."

"Nimeacha. Nipe mkono nisimame."

Asubuhi alimkuta Mjukuu ofisini kwake, miguu imewekwa juu ya katoni ya karatasi, tasnifu imefunguliwa mapajani. Mama Pacha alifunga mlango. Hakuwa na njia ya kulizungusha, kwa hiyo alilisema moja kwa moja, akaweka juu ya meza picha thelathini na moja alizozichapa.

Mjukuu alizitazama za kwanza nne. Akazirudisha.

"Niliijaribu programu," alisema. "Shangazi, niliijaribu miezi mitatu. Nilitengeneza vishada mia tano vya mfano, nikavipachika kwenye picha, ikavipata mia nne na tisini."

"Hivyo vya mfano," Mama Pacha aliuliza polepole, "vilikuwa na umbo gani?"

Feni ya mezani ilizunguka, ikageuka kuwatazama, ikageuka tena. Mjukuu aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake.

"Duara," alisema.

Baadaye Mjukuu alichukua tena zile picha akaanza kuzipanga, zilizotoka zaidi upande huu, zilizofunikwa zaidi upande ule, na Mama Pacha akaona kwamba binti analia bila kuacha kupanga. Alitaka kumwambia pole, lakini neno hilo lilionekana dogo, akavuta kiti akakaa naye hadi saa ya chai.

Kwa Profesa walikwenda wote wawili. Mzee aliwasikiliza akiwa amevua miwani, kalamu ikizunguka vidoleni.

"Makala imeshapokelewa," alisema mwishowe.

"Bado haijachapishwa," Mjukuu alisema.

"Wewe una wiki tano. Unajua maana ya kuanza upya katika hali uliyonayo?" Kisha akamgeukia Mama Pacha, na sauti yake ikawa kavu. "Na wewe, kwa heshima zote, kazi yako ni kuweka alama."

"Ndiyo, Profesa," Mama Pacha alisema. "Nimeziweka." Akampa orodha.

Walitoka. Siku mbili Profesa hakuonekana kwenye korido. Siku ya tatu alimwita Mama Pacha peke yake, akamwomba akague mia tatu nyingine, na safari hii asichague za mwanzo, achague ovyo kutoka kila upande wa galaksi. Alifanya hivyo. Alipata arubaini na nne. Alipompelekea karatasi, Profesa aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Ningekuwa na miaka arubaini ningebishana na nyinyi," alisema. "Ningepata hoja. Hoja hazikosekani." Alifungua kompyuta, na mbele ya Mama Pacha, kwa vidole viwili, akaandika barua ya kuiondoa makala. Ilikuwa ya mistari mitatu, ikamchukua karibu nusu saa.

Wakaanza kuhesabu upya. Hawakuiamini tena programu peke yake, na jicho moja nalo si la kuaminiwa, kwa hiyo walikubaliana kila kitu katika folda kitazamwe na watu wawili wasioulizana, halafu walinganishe. Kila kimoja kilikuwa na picha tatu: ya mwanga wa kawaida, ya infraredi, na ramani ya gesi iliyopigwa kwa madishi ya redio. Kwenye ya kwanza unaona upande uliotoka. Kwenye ya pili unaona uliobaki ndani. Ya tatu inakuonyesha wingu lenyewe, limekaa juu ya kishada au limeshasukumwa pembeni. Ukienda haraka unamaliza vitu mia na hamsini kwa siku, na siku hiyo jioni ukimtazama mtu usoni unamwona ana ukungu pembeni.

Walikuwa wamefika elfu moja na mia tisa pale Mjukuu alipokwenda kliniki kwa kawaida tu, wakamzuia. Presha ilikuwa juu. Daktari alimlaza wodini, akamwamuru alale ubavu wa kushoto na asifanye kazi yoyote. Mama Pacha alimtembelea siku ya pili saa za wageni, akamkuta anatazama ukuta.

"Nimeomba kuahirisha tasnifu," Mjukuu alisema. "Wamenipa mwaka. Shangazi, usihangaike tena. Nikitoka nitamalizia."

"Ukitoka utakuwa na mtoto."

"Watu wanafanya kazi na watoto."

"Wanafanya," Mama Pacha alisema. "Mimi nilikuwa nao wawili. Sikumbuki chochote cha miaka ile miwili, naambiwa tu."

Mjukuu alicheka kidogo, akashika tumbo. "Lakini linatakiwa jicho la pili. Huwezi peke yako."

Kesho yake Mama Pacha alipofungua mlango wa chumba namba tisa alimkuta Profesa ameshakaa kwenye kompyuta ambayo Mjukuu aliihamishia humo, miwani miwili puani, moja juu ya nyingine.

"Nionyeshe pa kubofya," alisema.

Alikuwa hajaweka alama kwa mkono kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mzito, alikuwa mbishi, na kila kitu cha kumi alitaka kusimulia galaksi ambayo kilimkumbusha. Siku ya kwanza alimaliza thelathini na saba. Walipolinganisha, walitofautiana kwa kumi na viwili, na wakakaa saa nzima juu ya kimoja ambacho yeye aliapa ni galaksi ya mbali na Mama Pacha akasema ni kishada, tazama gesi ilivyojikunja pembeni. Profesa alitazama ramani ya gesi kwa muda mrefu.

"Ni kishada," alikubali. "Nimefundisha somo hili miaka thelathini na nne."

"Umechoka tu, Profesa."

"Wewe hujachoka?"

"Mimi nimezoea."

Wiki ya tatu mzee alikuwa amefikisha tisini kwa siku. Mara kwa mara simu ilipigwa kutoka wodini, na sauti ndogo iliuliza tu, "Leo mko wapi?" Mama Pacha alitaja namba. "Asante," sauti ilisema, simu ikakatwa. Ilipofika elfu tatu mia saba na sitini simu haikupigwa, na siku iliyofuata wakapata habari kwamba amejifungua mtoto wa kike, mdogo, lakini analia vizuri.

Walipomaliza, vishada vya katikati vilikuwa mia sita na kumi na viwili, ukijumlisha na vile hamsini na nane. Pengo lote ambalo tasnifu ilijengwa juu yake halikuwepo. Na walipovigawa kwa uzito, kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: vishada vikubwa, vyenye nyota nyingi zenye nguvu, vilitoka ndani ya wingu kwa miaka kama milioni tano, lakini vidogo vilikaa humo milioni saba, hata nane. Vidogo ndivyo programu ilivyovitupa zaidi. Vilitoka taratibu, upande upande, kwa hiyo vilitumia maisha yao mengi ya utotoni vikiwa na umbo lisilotakiwa.

"Na vile ambavyo ni vidogo zaidi?" Mama Pacha aliuliza siku walipofunga hesabu. "Ambavyo hata infraredi haivioni?"

"Hivyo hatuna namna," Profesa alisema. "Tutaandika kwamba lazima vipo, na kwamba hatujui ni vingapi. Ni sentensi ngumu kuiandika kuliko zote." Siku hiyohiyo alianza kupakia vitabu vyake kwenye makatoni, kwa sababu ofisi ilikuwa imeshapangiwa mtu mwingine.

Mjukuu aliandika sura ile upya kwa miezi saba, mama yake akiwa amehamia kwake kumlea mtoto. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja alipoingia chumba namba tisa mtoto yuko mgongoni, akaweka karatasi mezani bila kusalimia. Watu wa chuo kingine, nchi nyingine, walikuwa wametoa makala. Galaksi yao ilikuwa tofauti, programu yao tofauti, jibu lilelile: vikubwa hutoka mapema, vidogo huchelewa.

Mama Pacha aliusoma muhtasari mara mbili. "Wametutangulia miezi mingapi?"

"Ukihesabu tangu tulipojua sisi, hawakututangulia. Ukihesabu kama dunia inavyohesabu, wametutangulia." Alikaa. Mtoto alimvuta hereni, akamwacha avute. "Nilikasirika jana. Leo nimeamka sina hata nguvu ya kukasirika. Halafu nikalinganisha namba zao na zetu. Tofauti yake ni ndogo sana, Shangazi. Tulihesabu sawa."

"Kwa hiyo sasa?"

"Sasa namaliza. Nitawataja wao kwanza."

Alitetea tasnifu yake mwishoni mwa mwaka, mchana wa joto, mbele ya watahini wanne. Profesa alikuja kama mgeni, akakaa kiti cha nyuma na kusinzia mara moja. Mtahini kutoka nje alimuuliza Mjukuu kwa nini aliiondoa makala yake ya kwanza, swali ambalo wote walijua litakuja. Mjukuu alieleza kuhusu vishada vya mfano, kwamba alivitengeneza duara kwa sababu ndivyo alivyovifikiria, na programu ikamletea vile alivyovifikiria. Hakujitetea. Alisema kosa liligunduliwa na karani wa picha wa idara, akalitaja jina lake kamili, akaonyesha mahali lilipoandikwa kwenye makala mpya waliyoiandika baada ya hesabu, la pili baada ya lake. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti vilijaa. Watu waligeuka kumtazama, naye akatazama viatu vyake.

Walimfaulisha Mjukuu kwa masahihisho madogo. Kulikuwa na soda na keki kwenye ukumbi, lakini Mama Pacha alikunywa nusu glasi akaenda kwa mkuu wa idara, akaomba likizo. Hakuwa amechukua likizo kwa miaka mitatu. Mkuu wa idara alitazama kalenda, akataja galaksi mpya ambayo picha zake zilikuwa zimeanza kuingia, akamtazama usoni, akatia sahihi siku kumi na nne.

Siku mbili za mwanzo alilala. Ya tatu alikwenda kupima macho, akaandikiwa miwani yenye nguvu zaidi. Alipokuwa akiisubiri kwenye benchi, Mjukuu alimpigia simu kumuuliza kama anaweza kumshikia mtoto Ijumaa, saa tatu hivi, mama yake ana safari.

"Mlete," Mama Pacha alisema. "Lakini asitegemee nitamkimbiza."

"Bado hajaanza kutembea, Shangazi."

"Vizuri. Mwambie asiharakishe."